Shamba Lilibaki kwa Nani?

Kuna aina ya picha ambayo ukiipenda mara moja tu, simu haitakuachilia tena. Nyumba ya mawe katikati ya majani mabichi, paa limeporomokea ndani, mlango uliokuwa mwekundu umebanduka rangi. Ukiingia kuna kiti kimoja, koti limetundikwa msumarini, sahani zimepangwa kabatini kama zinangoja wageni, na ukutani Moyo Mtakatifu wa Yesu nyuma ya kioo kilichopasuka. Maoni ya watu chini yake hayabadiliki: inahuzunisha sana, laiti kuta zingeongea, ni akina nani waliishi hapa? Halafu mtu anaweka kamoyo kekundu na kuendelea na safari yake.

Hizi ni nyumba za mashambani huko Ayalandi. Nimeziangalia karibu miaka miwili sasa, nyingi usiku, nikiwa kwenye bedsita yangu Nairobi ambamo ukinyoosha miguu kitandani unagusa meko. Mtu anayelipia chumba kama hicho akiona nyumba nzima, na shamba lake, na kisima chake, imekaa tu bila mtu, lazima kitu kimkate tumboni. Nimezipenda picha hizi, sitajifanya. Lakini kadiri ninavyoziangalia ndivyo ninavyoshuku kwamba kuna swali zinalikwepa, na kwamba uzuri wao wote unategemea kulikwepa.

Tuanze na mtu aliyeifanya kazi hii vizuri, maana hakuna haja ya kupigana na wanyonge. David Creedon ni mpigapicha wa Cork, kusini mwa Ayalandi. Mwaka 2011 alitoa kitabu kinachoitwa Ghosts of the Faithful Departed, picha za ndani ya nyumba zilizoachwa mashambani. Jina hilo limetoka kwenye sala ambazo Wakatoliki huwaombea marehemu wao, lakini lina maana ya pili: "kuondoka" kwa Mwayalandi wa kijijini hakukuwa kufa tu. Kulikuwa pia kupanda meli. Zamani, kijana akienda Amerika, usiku wa kuamkia safari majirani walikesha kwao kama wanavyokesha kwenye matanga. Walikula, wakacheza dansi, wakalia. Walijua wazazi hawatamwona tena. Ni matanga ya mtu mzima mwenye afya, amekaa hapo kwenye kiti anakunywa chai.

Creedon anaujua uzito huo. Kuta zake za samawati na kijani zinabanduka kama ngozi, mwanga unaingia kwa dirisha moja, na ile sanamu ya Bikira Maria imebaki kusimamia vumbi. Ni kazi ya mtu aliyelelewa ndani ya mambo hayo, siyo mtalii. Anakaribia buli la chai kwa heshima ile ile ambayo wengine wangempa askofu. Ukikaa na kitabu chake utahisi umeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, na utaona haya kidogo, na hiyo haya ndiyo sehemu bora ya kazi yake.

Shida inaanza picha ya namna hii inapotoka kitabuni na kuingia mtaani. Kwenye simu hufika imechunwa kila kitu: jina la kata, mwaka, sababu. Baada yake wamekuja wapigapicha wengi wadogo, wana kamera nzuri na viatu vya matope, na wote wamejifunza sarufi moja. Kiti kimoja. Kiatu kimoja. Kalenda iliyosimama mwezi fulani. Hakuna mtu. Nyumba iliyobaki kuta nne tangu miaka ya 1840 na nyumba ambayo mzee wake wa mwisho alizikwa majuzi, ikiwa bado na jokofu, zinapakwa ukungu ule ule na kuitwa kwa jina moja: zilizoachwa.

Angalia hilo neno. "Kuachwa." Ni kitenzi kisicho na mtu. Nani aliacha? Aliacha au aliachishwa? Na cha muhimu zaidi, alipoondoka, shamba lilibaki kwa nani?

Ukungu huu haukuanza na simu. Mwaka 1957 mwandishi wa Ujerumani Heinrich Böll alichapisha Irisches Tagebuch, kitabu kidogo cha safari zake Ayalandi ambacho Wajerumani wamekisoma kwa mapenzi hadi leo. Mle ndani kuna sura kuhusu kijiji kitupu kwenye kisiwa cha Achill, magharibi kabisa, upande wa Mayo. Kijiji hicho ni Slievemore: nyumba kati ya themanini na mia moja, za mawe yaliyopangwa bila saruji, zimejipanga kwenye mteremko wa mlima kama meno. Böll na familia yake wanakikuta kwa ghafla, wanatembea ndani yake, na anakiita mifupa ya makazi ya watu. Ni sura nzuri sana. Niliisoma mara tatu mfululizo, na mara ya tatu nikakasirika.

Kwa nini? Böll anasema kila kisichokuwa jiwe kimetafunwa na mvua, jua, upepo na muda. Anakilinganisha kijiji na nyumba zilizopigwa mabomu, ambazo Mjerumani wa miaka ile hakuhitaji kuelezewa, na anaona kwamba hapa hakuna ghasia, ni maumbile tu yamefanya kazi yao polepole. Halafu anasema hakuna aliyeweza kuwaeleza barabara kijiji kiliachwa lini na kwa nini.

Hapo ndipo ningemshika mkono nimuulize: bwana Böll, ulimuuliza nani? Uliuliza vipi? Maana nyumba za Slievemore hazikulala tu zikingoja mshairi. Baada ya watu kuacha kukaa hapo mwaka mzima, wenyeji wa Dooagh, kijiji kilicho ufuoni, waliendelea kuzitumia kama makambi ya kiangazi. Walipandisha ng'ombe mlimani, vijana wakalala huko wakikamua na kutengeneza siagi, na desturi hiyo ilifika hadi karne ya 20. Böll alipopita hapo miaka ya 1950, uwezekano ni mkubwa kwamba Dooagh kulikuwa na wazee waliojua nyumba gani ilikuwa ya ng'ombe wa nani. Mzee kama huyo hamwambii mgeni mwenye daftari kila kitu mara ya kwanza. Anasema "ah, ni zamani sana hiyo." Mgeni anaandika: hawajui.

Sitaki kumwonea Böll. Alirudi Achill mara nyingi, akanunua nyumba Dugort, na leo nyumba hiyo inapokea wasanii na waandishi. Alipapenda kweli. Lakini alipapenda kwa namna inayomwachia upepo kesi ya binadamu. Na upepo, jamani, haujawahi kumfukuza mtu shambani kwake.

Wacha tuangalie waliofukuza. Sensa ya 1841 ilihesabu zaidi ya watu milioni nane Ayalandi. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, chakula cha karibu kila maskini, na miaka iliyofuata ikaitwa Njaa Kuu. Takriban milioni moja walikufa, na wengine milioni moja au zaidi wakaondoka. Mpaka hapo unaweza kulaumu ukungu wa viazi. Lakini mwaka 1847 sheria ya msaada kwa maskini iliwekewa kifungu kwamba mwenye kushikilia zaidi ya robo ekari hapati msaada wa serikali. Maana yake: chagua, uji au shamba. Wengi wakasalimisha shamba. Na kwa kuwa mwenye ardhi ndiye aliyetozwa ushuru wa vile vishamba vidogo kabisa, alipata faida kuviondoa. Wapangaji walifurushwa na paa likabomolewa siku hiyo hiyo, ili wasirudi usiku.

Kwa hiyo ukiona kuta za mawe zisizo na paa kwenye picha nzuri ya machweo, huenda unaangalia kazi ya mvua. Huenda pia unaangalia kazi ya watu kadhaa waliokuja asubuhi na nguzo na kamba. Picha haina namna ya kukuambia. Jirani anayo.

Na majirani walilijua swali hili kuliko sisi. Mwaka 1880, wakati wa vita vya ardhi, Charles Stewart Parnell aliwahutubia watu pale Ennis akawaambia wasimuue mtu anayechukua shamba la aliyefurushwa. Wamtenge tu: sokoni, barabarani, hata kanisani. Siku chache baadaye dawa hiyo ilijaribiwa kwa Kapteni Charles Boycott, wakala wa bwana mmoja mwenye ardhi huko Mayo, na jina lake likageuka neno la Kiingereza la kususia, ambalo mpaka leo tunalipiga kelele hapa mitandaoni kila bei ya kitu ikipanda. Tunalitumia bila kukumbuka kwamba lilizaliwa kwenye ugomvi wa nyumba tupu na mashamba yao. Vijiji vile vilikuwa na neno maalumu kwa anayeruka ndani ya shamba la jirani aliyefukuzwa. Sisi Wakenya tunalo letu, na hatuhitaji kamusi: mnyakuzi.

Kabla sijaendelea kuwahukumu wengine, ni lazima niseme nilichofanya mimi.

Desemba mwaka juzi nilikuwa ushago. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nyumbani hawajajua waniweke wapi, kwa hiyo nilikuwa natembea sana kukwepa maswali. Nikakuta nyumba ya udongo nusu imeanguka, mti wa parachichi umeinama juu yake, kufuli bado liko mlangoni ingawa ukuta wa pembeni haupo. Kichwa changu kilikuwa kimejaa picha za Ayalandi. Nikapiga, nikapunguza rangi kidogo, nikaweka na neno moja: "Waliondoka." Ilipendwa. Mhariri mmoja akaniuliza kama ninazo nyingine tufanye mfululizo.

Usiku huo shangazi, dada yake baba, akanitumia sauti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mtoto wa kaka, hiyo nyumba hukuuliza ni ya nani? Hakuna aliyeondoka hapo. Yule mama mumewe alipokufa, mashemeji walimwambia arudi kwao na watoto wake. Alilia hapo mlangoni tukimsikia wote. Na hao ng'ombe nyuma ya picha yako, si ni wenu? Muulize baba yako walianza kulisha hapo lini."

Ng'ombe nilikuwa nimewaona. Nilidhani wanapendezesha.

Tangu siku hiyo sijaweza kuangalia mlango wa Ayalandi kama zamani. Kila picha naangalia ukingoni: huo ua mpya ni wa nani? Majani yamekatwa vizuri hivi, nani anavuna? Nyumba imekufa lakini shamba liko hai, na shamba lililo hai lina mwenyewe.

Basi nikaenda kutafuta kumbukumbu za wenyeji wenyewe. Bahati nzuri Ayalandi ni moja ya nchi chache ambapo mtu asiye na kitambulisho cha chuo anaweza kuzisoma bure. Kati ya 1937 na 1939, tume ya kukusanya mapokeo iliyoundwa 1935 ilifanya jambo la ajabu. Iliwaomba watoto wa shule za msingi, kama elfu hamsini hivi kutoka shule elfu tano katika kaunti 26, waende kwa babu, bibi na majirani wakaandike walichoambiwa. Visima vitakatifu, dawa za miti, mizimu, makaburi, na ndiyo, nyumba za zamani na enzi za njaa. Leo kurasa hizo ziko kwenye intaneti, hati za mkono za watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na nne, mistari imenyooka kwa kuogopa mwalimu.

Kama kazi ya fasihi, mkusanyo huu unazishinda picha zote nilizowahi kupenda. Mtoto hana muda wa huzuni. Anaandika kwamba kwenye shamba la fulani kulikuwa na nyumba kadhaa na sasa alama tu zinaonekana, kwamba familia fulani ilienda Amerika, kwamba mkunga au fundi viatu alikaa pale karibu na mto. Mara nyingi anamtaja aliyemsimulia na umri wake. Nyumba iliyoanguka ina jina, na jina lina kazi, na kazi ina mahali. Ni ramani iliyochorwa kwa midomo.

Lakini usiibusu haraka. Hii nayo ni kazi iliyopita mikononi mwa mwalimu, na mwalimu ana majirani. Ukisoma kurasa nyingi mfululizo utaona kitu: njaa mara nyingi iliwakuta wengine. Ni parokia ya pili, ni upande ule wa mlima, sisi tulikuwa na samaki, sisi tulikuwa na shayiri kidogo. Wapo wanaotaja walionyakua mashamba, na kurasa hizo zina moto. Lakini mtoto anayeandika yuko darasa moja na vitukuu vya waliobaki, na waliobaki ndio waliopata nafasi ya kupanua mipaka. Kila anayesimulia njaa ni mtoto wa aliyenusurika. Waliokuwa na ushahidi kamili wamezikwa bila jeneza au wako Boston.

Hapo ndipo kumbukumbu ya mdomo inahitaji karatasi imsaidie. Na karatasi za Ayalandi zenyewe ziliteketea nyingi: hati za sensa za karne ya 19 karibu zote zimepotea, sehemu kwenye moto wa 1922 pale Four Courts, Dublin, sehemu kwa amri za serikali yenyewe. Zimebaki za 1901 na 1911. Zisome, bana. Karani alizunguka akiandika kwa kila nyumba kuta ni za nini, paa ni la nyasi au la nini, vyumba vingapi, madirisha mangapi yanatazama mbele. Kisha majina, umri, nani anaweza kusoma, nani anazungumza Kiayalandi. Dirisha lile lile ambalo mpigapicha wa leo analisubiri mwanga, karani alilihesabu mtu akiwa ndani anachemsha viazi.

Ila karatasi ninayoipenda kuliko zote haina mvuto wowote. Katikati ya karne ya 19 serikali ilikadiria thamani ya kila nyumba na shamba ili kutoza ushuru, kazi inayojulikana kwa jina la Richard Griffith aliyeisimamia. Baadaye makarani wakawa wanasahihisha vitabu hivyo mwaka baada ya mwaka. Mkaaji akifa, akihama au akifukuzwa, jina lake lilikatwa mstari, na jina jipya likaandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine, rangi kulingana na mwaka. Hivyo tu. Jina limekatwa, jina limeandikwa. Wakati mwingine jina jipya ni la mtoto. Wakati mwingine ni la jirani wa ploti ya pili. Sidhani kuna picha ya nyumba iliyoachwa inayosema kama huo mstari mmoja.

Sasa kuna hatari nyingine ambayo sikuiona mpaka nilipofika Tuam. Tuam ni mji mdogo wa Galway, na mfano wangu ni jengo kubwa kuliko nyumba ya familia, lakini nipe dakika. Kuanzia 1925 hadi 1961 kulikuwa na kituo hapo, kikisimamiwa na watawa, cha akina mama waliozaa bila ndoa na watoto wao. Kilibomolewa, nyumba mpya zikajengwa. Mwaka 1975 wavulana wawili wakicheza wakakuta mifupa chini ya saruji. Wenyeji wakasema: hiyo ni mifupa ya wakati wa Njaa. Wakaombewa, pakafunikwa, pakatunzwa na majirani wema kwa miaka.

Unaona kilichotokea? Njaa Kuu, jeraha la kweli la taifa, lilitumika kama blanketi. Kila mfupa ni wa 1847. Kila nyumba tupu ni ya 1847. Ni huzuni ya wote, kwa hiyo si kosa la yeyote aliye hai.

Aliyelivuta hilo blanketi ni Catherine Corless, mama wa nyumbani na mwanahistoria wa mtaani. Hakuwa profesa. Alianza kwa kukumbuka watoto wa kituo hicho aliosoma nao akiwa mdogo, walivyokaa peke yao. Mwaka 2012 alichapisha makala kwenye jarida la chama cha historia cha mji wake. Akaomba vyeti vya vifo, akavilipia, akapata majina 796 ya watoto waliofia humo, huku kumbukumbu za mazishi yao hazipo. Mwaka 2017 tume rasmi ikathibitisha kwamba mabaki ya watoto yapo kweli chini ya uwanja ule.

Namtaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya ubinafsi: mtu aliyeacha chuo anafarijika kuona kazi kubwa imefanywa na mtu aliyeuliza maswali tu na kusimama kwenye foleni ya ofisi. Ya pili ndiyo ya makala hii. Kumbukumbu za wenyeji si asali. Wenyeji wanajua, na wenyeji pia wanaficha, na mara nyingi ni wenyeji wale wale. Tukiwaacha wapigapicha tukakimbilia "sauti za wazee" kana kwamba mzee hawezi kujitetea kwa hadithi, tutakuwa tumebadilisha ukungu mmoja kwa mwingine. Kazi inayofaa ni ile inayokaa na jirani muda wa kutosha hadi amalize stori anayosimulia wageni, aanze ile nyingine.

Na wakati mwingine stori hiyo nyingine iko wazi kabisa, hatuitaki tu. Chukua Great Blasket, kisiwa cha Kerry kilichohamwa tarehe 17 Novemba 1953, wakiwa wamebaki watu 22 tu. Kisiwa hicho kilitoa waandishi wa ajabu, akiwemo Tomás Ó Criomhthain, mvuvi aliyeandika maisha yake kwa Kiayalandi katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1929. Leo kina nyumba tupu maarufu kuliko zote nchini. Kila mwaka hutafutwa watu wawili wa kukitunza majira ya kiangazi, bila umeme, na maelfu wanaomba kutoka pembe zote za dunia, wengi vijana wa mjini waliochoka kama mimi na wewe. Ningeomba pia. Lakini mwaka 1947 kijana mmoja alifia huko kwa homa ya uti wa mgongo, bahari imechafuka, hakuna daktari wala padri aliyeweza kuvuka. Wakazi waliiandikia serikali, wakangoja, ikachukua miaka sita. Waliondoka wakijua sababu, na ilikuwa na anwani: ofisi za Dublin. Tunachokiita utulivu wa kisiwa wao walikiita kukosa daktari.

Hili si suala la hisia peke yake. Sensa ya 2022 ilikuta nyumba 166,752 tupu Ayalandi, bila kuhesabu zile za likizo, wakati vijana wa nchi hiyo wanakaa na wazazi wao wakiwa na miaka thelathini au wanaruka kwenda Australia. Tangu 2023 serikali inatoa hadi yuro 70,000 kwa atakayefufua nyumba iliyobomoka. Ni jambo zuri. Ila mwenye pesa za kuanzia, na mwenye hati, ndiye atakayepewa, na hati hurudi kwenye ule mstari wa wino. Picha inayosema "waliondoka tu" inakuwa tangazo zuri la mauzo. Nyumba isiyo na hadithi haina mdai.

Kwa hiyo nikiulizwa kama mkosoaji ninataka nini kutoka kwa aina hii ya kazi, nataka vitu vitatu vidogo. Mwaka, ili nisichanganye Njaa na miaka ya 1950 ambapo watu kama laki nne walihama wakiwa na cheti cha shule na sanduku la kadibodi. Sababu, hata kama ni ya aibu: deni, ulevi, mimba, ndugu wawili waliogawana chumba kwa mstari wa chaki. Na jina la anayelima hapo sasa. Jina si lazima lichapishwe, mpigapicha anaweza kuwa na sababu nzuri za kulificha. Lakini alijue. Ukilijua, utapiga picha tofauti. Utasogea hatua mbili kushoto na ua utaingia kwenye fremu.

Ile picha yangu niliitoa. Mhariri nilimwambia sina nyingine. Haikuwa kweli, ninazo kumi na moja. Kuhusu ng'ombe, baba sijamuuliza bado. Mara mbili nimempigia nikiwa nimejiandaa, mara zote mbili tukaishia kuongea kuhusu mvua na kama nimekula. Anasikia kitu kwenye sauti yangu, nadhani, maana siku hizi anakata mapema.

Desemba nitaenda. Shangazi anasema yule mama yuko hai, anauza mboga kwenye soko ambalo si mbali, na watoto wake ni wakubwa. Anasema pia nisiende na kamera.